Marehemu Obed Ezron Mwaisumo, Bingwa wa Kijipira

Ndugu, majirani, na ninyi wageni wetu wa gofu mliokuja Suma na viatu vyeupe, poleni na msiba na poleni na matope. Mimi ni Tulinagwe, dada wa marehemu. Klabu yake ilituma wasifu uliopambwa vizuri, kila ukurasa kombe. Nimeuacha nyumbani.

Obed alizaliwa hapa Suma tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Ezron na marehemu mama Ikupa. Alidekezwa. Wenzake walipochuma chai, yeye mgongo ulimuuma.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, ingawa darasani alionekana kwa nadra. Alishinda kwenye shamba la chai, ambako mabwana wakubwa walikuwa na uwanja wao wa gofu, akiwabebea mikoba ya fimbo. Siku moja alipinda tawi la mpera kwa moto, akapiga nalo ndizi mbichi za mama, moja moja, mpaka mkungu mzima ukaishia migombani. Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikosa chakula cha mchana.

Mwaka 1990 alihamia Arusha, akawa mchezaji wa kulipwa na mwalimu wa gofu. Kazi hiyo niliishuhudia mara moja. Mtu mzima mwenye ndevu anapiga kijipira kwa nguvu zake zote, anatembea kukitafuta, akikipata anakipiga tena, na watu wanaambiwa wanyamaze asije akakosea. Sisi tunalima watoto wakilia mgongoni na hatujamnyamazisha mtu. Alishinda makombe, tukaambiwa ni heshima ya wilaya.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Vaileth, mwanamke mwema ambaye sijui alimkosea nini Mungu. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa kupisha mashindano.

Mama yetu alifariki tarehe 9 Agosti 2012. Obed alikuwa Lusaka kwenye mashindano, akiongoza. Nilimpigia simu mwenyewe. Alisema, "Dada, nikiondoka leo nimejitoa. Nizikieni mama, nakuja Jumatatu." Jumatatu alikuja kweli, akaweka kombe juu ya udongo mbichi wa kaburi. Nililiondoa. Kuku wangu walinywea maji humo hadi likatoboka. Misiba ya majirani ndiyo hakuiona kabisa. Hakuna kaburi hata moja hapa Suma alilolishikia jembe.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, baadaye kikamharibu figo. Alifariki Arusha asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, akiwa ameomba azikwe kando ya mama.

Jana vijana walikataa kuchimba. Ambindwile, msemaji wao, alimwambia mjane mbele ya watu wote, "Shemeji, chakula cha msiba tutakula. Kaburi wachimbe wenzake wa gofu." Alisema kweli, na nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Vaileth alilia hadi sauti ikakauka. Basi nikachukua jembe, nikaanza mwenyewe. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, na mimi nalijua hilo kuliko wengi wenu. Shimo lilikuwa limenifika magotini Ambindwile aliponishika mkono, akisema nami kwa wingi wa heshima. "Mwe dada, tokeni humo. Mnatuaibisha." Wakachimba wao, wakimsema marehemu kila jembe lilipoinuka, na mimi nikiwaitikia.

Ameacha mjane, Vaileth, watoto wawili, Beatrice na Ndimyake, na dada mmoja ambaye bado hajamsamehe. Nimekubali alazwe kando ya mama kwa kuwa mama alimsamehe kila kitu alipokuwa hai, na mimi nimeshindwa.

Mungu ampe pumziko, ila kwanza Obed amwombe mama radhi.