Jibini Ndani ya Friji la Chanjo

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Nélida, binti yake wa pili, nawasomea maisha ya mama yetu, Eulalia Benítez de Ovelar, aliyezaliwa Februari 12, 1951, Caazapá, akasoma shule hapo hapo, akahitimu uuguzi Villarrica mwaka 1972, na Januari 1973 akaanza kazi katika zahanati yetu hii ya Arroyo Morotĩ, ambako alichanja watoto mpaka wengine wenu mkawa mnavuka barabara kumkwepa mkimwona. Mwaka 1976 alifunga ndoa na marehemu baba, Crispín Ovelar, wakajaliwa watoto watatu.

Wiki Takatifu ya mwaka 1984, bibi yetu mzaa baba, Ña Ramona, alileta jibini la kupikia chipa, mikate yetu ya wiki hiyo, kwani friji la zahanati, la mafuta ya taa, lilikuwa pekee kijijini, akasema, "Mwanangu, kilo tatu tu, zitamdhuru nani?" Mama akashindwa kumkatalia mama mkwe, na majirani nao wakaleta ya kwao, mlango ukawa haupumziki. Jumanne akachanja surua watoto ishirini na watatu, Jumatano jibini lilipotolewa akaona kipimajoto kiko nyuzi kumi na nne, akajua chanjo imeharibika.

Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua mpaka surua ibishe hodi. Aliagiza chanjo mpya, akaanza na mimi, mtoto wa mwaka mmoja, kisha akapita nyumba kwa nyumba akikiri kosa. Ña Teófila, aliyeketi hapa mbele, alimfukuza: "Jibini mle nyie, sindano achomwe mwanangu mara mbili? Hebu toka!" Mama alirudi mara tatu, ya nne akafunguliwa. Surua ilipokuja mwaka uliofuata, haikuchukua hata mtoto mmoja wa kwetu, na najivunia hilo kuliko vyeti vyake vyote. Mwaka 2013, Ña Teófila mwenyewe ndiye aliyemleta mjukuu wake wa miaka kumi kwa chanjo ya wasichana, ile ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi.

Mama alistaafu 2014, akaanza kuugua figo 2021, akafariki juzi Jumatano, Aprili 5, 2023. Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, majirani, na Ña Teófila kwa supu ya kila siku.

Jumatatu aliniuliza kama kuna mtu ameweka kitu ndani ya friji la zahanati, kwa kuwa ni Wiki Takatifu, akafariki kabla sijampelekea jibu. Mama, nimekwenda kutazama. Ndani mna chanjo tu. Lala kwa utulivu.