Kijifuko cha Kalamu

Fundi cherehani hakutaka kusikiliza ya watu, lakini muuguzi aliyekaa mbele yake kwenye basi alikuwa na sauti ya kuitia wagonjwa.

"Leo tumeletewa mwingine," alikuwa akimwambia mzee wa pembeni yake. "Miaka kumi na tatu. Anatapika, moyo unamwenda mbio. Ni hizi sigara za umeme."

"Si mvuke tu ule, mwanangu? Tena unanukia matunda."

"Mvuke wenye nikotini, baba. Na wanavuta darasani, mwalimu yuko ubaoni. Ndani ya mkono wa shati kuna kijifuko kimeshonwa, chembamba kama kidole. Mtoto anajifanya anafuta pua, kumbe anavuta. Huyo fundi wao ningempata mimi."

Fundi akalikumbatia furushi la sare mapajani. Tangu shule zifunguliwe alikuwa ameshona vijifuko hivyo ishirini na vitatu. Wanafunzi walimwambia ni vya kalamu, naye akawasifu kwa kupenda kusoma.

"Fundi ana kosa gani?" mzee akabisha. "Pengine hajui."

Basi likasimama kabla hajajibiwa, wakashuka wote wawili. Kilikuwa kituo cha fundi pia, lakini alibaki kitini. Kijifuko cha kwanza alimshonea binti yake, na asubuhi ile alimwacha kitandani, akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio.