Mkono wa Kunipa Dawa

Sogeeni, wanangu, na wewe kifunguamimba acha kusimama mlangoni kama mdai. Keti hapa nikuone uso, maana ninayotaka kusema yanakuhusu wewe kuliko dada yako.

Mnajua kazi yangu ilikuwa kuwafundisha waseminari maadili, na somo la kwanza lilikuwa hili: tendo hupimwa kwa kile kilichotendwa, kwa nia ya mtendaji na kwa mazingira yake, na nia njema hailitakasi tendo ovu, wala tendo jema haliponi likitendwa kwa nia mbaya. Niliyasema hayo nikiwa mzima, chaki mkononi, sikujua kwamba nitakuja kuyapima kwa watoto wangu mwenyewe.

Juzi mchana mlidhani nimelala. Nilifumba macho tu. Nikakusikia, kifunguamimba, unamuuliza muuguzi, "Dada, hii dawa ya maumivu ukimwongezea, si atapumzika moja kwa moja?" Akakujibu, "Naongeza kwa kadiri ya maumivu, kaka. Ikimpunguzia siku, hilo silitafuti. Nikilitafuta, nimemuua." Na asubuhi ile ile ulikuwa umeuliza hati ya nyumba iko wapi!

Nikaingiwa na shaka, ikanila kuliko ugonjwa wenyewe. Tangu hapo nimepokea dawa kwa dada yako tu. Wewe ukileta kikombe, nasema kichefuchefu. Uliona, nami niliona kwamba umeona.

Lakini jana jioni, nilipoumwa mpaka nikang'ata shuka, ulitoka mbio, na dada yako akaninong'oneza, "Baba, kaka analia bafuni, amefungulia bomba tusimsikie." Anayengoja nyumba hulia kwa kujificha? Au ni dhamiri ndiyo inayomliza? Sijui. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijui. Swali lako nililisikia. Nia yako anaiona Mungu, nami nilikuwa nimekwisha kukuhukumu kana kwamba nimo ndani ya moyo wako.

Msidhani shaka imeniisha. Bado imenikaa hapa kifuani. Kwa hiyo sikilizeni: hati iko kwa paroko, naye haitoi mpaka mwende nyote wawili, nyumba isiuzwe maadamu dada yako anaishi humu. Vitabu vyangu vipelekeni seminari. Na yule jirani tuliyegombania naye ukuta, mwambieni nimemwachia, na msimzuie akija kunizika.

Sasa... maumivu yanarudi, yanapanda mgongoni. Muuguzi amekwisha pima, amenionyesha kipimo. Binti yangu, mpe kaka yako hicho kikombe. Usiniangalie hivyo, mama. Nimesema mpe.

Njoo, mwanangu. Niinue kichwa... hapo hapo. Kufundisha ilikuwa rahisi kuliko hivi. Mungu awabariki ninyi wawili... awape dhamiri nyofu, awalinde msichunguzane kama nilivyo... nilivyowachunguza mimi. Usilie, utaimwaga. Ninyweshe taratibu... taratibu... Basi, mwanangu. Inatosha.