Perege Wanaomeza Vidonge

Pantoni ya Kigamboni ilikuwa katikati ya maji wakati Gregori, baada ya shikamoo, alipomweleza Bi Tunu kazi yake: kuwalisha perege wa maabara vidonge vya kupunguza mafuta ya damu. Bi Tunu, aliyechoka kumuuguza mumewe, alizidi kuchoka. Watu wanahangaikia mafuta ya kukaangia samaki, huyu anawapunguzia samaki yao! Hata hivyo alifungua pindo la khanga, akatoa kidonge.

“Ndicho hiki, mwanangu?”

“Chenyewe, mama. Damu yao imepungua mafuta, ila ini limeng’ang’ania yake.”

“Mume wangu kaambiwa ameze maisha yake yote. Hao perege wako wanaishi muda gani?”

Pantoni iligusa gati. Gregori akashika baiskeli yake.

“Sijui, mama. Kila Ijumaa tunawapasua.”