Dawa za Ekwaro Zina Nchi Mbili

Benchi letu la Malaba liko mbele ya jiko la kahawa la mama Amoding, hatua chache kutoka foleni ya malori. Hapo hukaa Bwire, ajenti wa forodha tunayemwita Manifesti. Okwara fundi, ambaye tunamwita Breki ingawa ulimi wake hauna hata moja. Na mimi ninayebadilisha shilingi za Uganda. Jana asubuhi Ekwaro, dereva wa lori, alirudi baada ya mwezi mzima na kuagiza kahawa ya watu wote. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuingia kiatuni tena. Nilifurahi mpaka nikamsalimia mara mbili.

Ekwaro: Hii kahawa ni ya kumshukuru mama Amoding. Bila yeye mngekuwa mmeshanichangia jeneza.

Amoding: Mimi nilikuambia tu upeleke dawa zako zote kwa sista Fridah, yule muuguzi wa kliniki, hata zile za ng'ambo.

Ekwaro hutibiwa sukari kwenye kliniki ya upande huu. Dawa ya kuzuia damu isigande mguuni alianzishiwa Tororo, upande wa Uganda, na daktari aliyempokea akiwa amebebwa. Ana vitabu viwili vya hospitali, na hakuna daktari aliyewahi kuona vyote.

Breki: Lakini dawa ulikuwa unameza. Mguu ulivimba tena aje?

Ekwaro: Sista anasema sukari imeshuka, ini likapata nguvu. Sasa linamaliza ile dawa ya damu haraka kuliko zamani, dozi ikawa kidogo. Ameniongezea, na kila wiki ananipima damu. Nisijipimie mwenyewe.

Manifesti: Hiyo ni rahisi. Ini ni yadi ya forodha. Sukari ikijaa, mizigo mingine inakwama. Ukitoa sukari, kila kitu kinapita mbio.

Breki: Hapana, boss. Hizo dawa zinapigana. Moja ya Kenya, ingine ya Uganda.

Manifesti: Kwani ini linasoma paspoti?

Breki: Linasoma. Ukimeza ya Uganda ukiwa hapa, linaitisha karatasi. Mimi ningemezea kila dawa kwao.

Manifesti: Basi asimame katikati ya daraja, mguu mmoja huku, mwingine huko, ameze zote.

Breki: Na kama ini limekuwa na mbio hivyo, hata busaa itapita bila kugusa kichwa. Anaweza kumaliza mtungi.

Amoding: Okwara, huyu mtu amepona juzi. Kunywa kahawa yako unyamaze.

Tulicheka, Ekwaro kutushinda sote. Pembeni alikuwa ameketi Ajiko, muuza dagaa wa omena kutoka Osieko, niliyekuwa namwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa akingoja nimhesabie pesa zake za Uganda.

Ajiko: Samahani, mzee. Na yule daktari wa Tororo anajua dozi imebadilishwa?

Daktari hakujua. Dawa ya Ekwaro ilikuwa imebaki ya siku mbili, na mchana huo alikuwa apitie Tororo kuchukua nyingine. Wangempa dozi ya zamani, ile ile iliyomrudishia uvimbe, maana ndiyo iliyoandikwa kwao. Naye humeza jinsi bahasha ya dawa inavyosema.

Ekwaro: Nimeshukuru watu wote hapa. Aliyenipokea kwanza, nikiwa siwezi hata kusimama, ndiye sijamwambia neno.

Alitafuta nambari kwenye kitabu cha Tororo akapiga, simu ikiwa na sauti ya juu kwa sababu ya kelele za malori. Akajitaja jina. Upande wa pili mwanamke akauliza:

— Ekwaro wa Malaba? Mguu upo?

Machozi yalimtoka Ekwaro waziwazi mbele ya wanaume wenzake. Amoding alifuta mikono kwenye leso, akaichukua ile simu.

— Upo, daktari. Amekuja kwa miguu yake yote miwili hadi hapa, na ana kitu anataka uandike.