Nyanya Isiyoliwa

Benchi lenyewe ni ubao wa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa bado lipo. Ukikaa vibaya linakufinya, na hakuna wa kumlaumu ila makalio yako. Liko kwenye kona, kati ya jiko la Mama Birika anayeuza kahawa na meza ya Fundi Miwani anayewatengenezea watu macho. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imepita alfajiri, jua likaja kuinyonya barabara, mvuke ukapanda mpaka magotini, na watu wakawa wanapita kama viumbe wasio na miguu. Breki alishafika; huyu aliendesha lori miaka thelathini na hakuna aliyemwona akilipita gari jingine. Njozi naye alishafika, bawabu wa ghala, mtu anayelala kazini na kuamka na habari. Kahawa walikuwa nayo, haraka hawakuwa nayo, na kazi za maana walikuwa wamewaachia wake zao.

Fundi Miwani hakugusa kikombe. Alikuwa amevaa miwani ya mteja, nene kama kitako cha chupa, akiiangalia barabara inavyoelea. Kwa macho yale ya kuazima hakuna kilichokuwa na kingo. Mbwa aliyeyukia ukutani, ukuta ukaingia mawinguni, na yeye akaona ni afadhali dunia ibaki hivyo hivyo mpaka jioni.

— Fundi, kahawa inapoa, alisema Mama Birika.

— Iache ipoe. Nimeing'oa nyanya ya mbegu.

Wanaume wawili waliendelea kunywa. Mama Birika aliweka birika chini.

— Ile ya kitambaa?

— Ile ile.

— Na mwenyewe anajua?

— Yuko kwa dada yake tangu Jumamosi jioni. Anarudi leo.

Mama Birika alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa ukoo mwingine: pole nyingi, na shukrani kidogo kwamba haumhusu.

Mambo ya nyumba ile mtaa mzima unayajua. Nyuma ya jiko kuna matuta manne ya nyanya. Kila mwaka, Jumamosi moja, watoto wote hurudi na wake zao na waume zao, na kila mtu ana nafasi yake. Mama wa nyumba huchemsha chupa za kioo. Mkaza mwana humenya. Binti hutia chumvi na siki. Kijana mkubwa hukaza vifuniko, maana mikono yake haijawahi kupata kazi nyingine inayoifaa. Fundi hubeba. Nyanya zikiisha kuchumwa, mashina yote hung'olewa na matuta kufagiliwa, ila shina moja. Hilo lina nyanya moja, nzuri kupita zote za mwaka ule, ambayo mama wa nyumba huifunga kitambaa cheupe mapema kabisa ili mtu asiiguse. Huachwa mpaka ilegee na kutaka kudondoka yenyewe, ndipo hukamuliwa mbegu, nazo hukaushwa na kupandwa mwaka unaofuata. Mbegu hizo alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wa kwake.

— Sasa uling'oaje? aliuliza Breki. Kitambaa si cheupe?

— Kule jikoni mvuke ulinijaa kwenye miwani. Nikaivua, nikaiweka mfukoni. Wakaniambia nenda kamalizie mashina. Nikamalizia, na nyanya zilizosalia nikazitia kikapuni.

— Fundi miwani, alisema Mama Birika. Bila miwani.

— Nimeshajisema mwenyewe, dada yangu, hulazimiki kunisaidia. Kitambaa nimekikuta leo asubuhi kwenye kikapu, nilipokuwa nakiosha.

— Na nyanya?

— Imemenywa, imekatwa, imo chupani. Chupa ziko ishirini na sita. Ipi, sijui.

Breki aliketi vizuri. Alikuwa na msemo tayari, na msemo kwa Breki ni kama honi ya lori: hupigwa kwanza, sababu hutafutwa baadaye.

— Samaki mkunje angali mbichi.

— Maana yake nini hapo?

— Maana yake hujachelewa. Sikiliza. Mbegu ni injini. Injini ikichemka hulitupi gari. Unafungua boneti, unakaa kivulini, unasubiri ipoe. Mwaga chupa zote kwenye tuta, subiri.

— Imechemka saa nzima, Breki.

— Mimi nilichemsha injini siku mbili mlimani, nikateremka salama.

— Uliteremshwa, alisema Mama Birika. Ulivutwa na trekta.

Njozi alikuwa amefumba macho. Watu wengine wakifumba macho wamelala. Njozi akifumba macho ndipo anaanza mazungumzo.

— Wewe Breki huelewi, alisema taratibu. Mbegu haijui kwamba imekufa. Imetoka kwenye joto la jua, imeingia kwenye joto la sufuria, yenyewe inaona ni kiangazi tu, mwaka huu kimekuwa kikali. Sasa imo ndani ya maji mekundu, imenyamaza, inaota. Na inaota nini? Inaota udongo. Ukiivunjia chupa utaiamsha, na aliyeamshwa kabla ya wakati ana hasira. Mimi najua. Fukia chupa nzima nzima.

— Na kifuniko?

— Na kifuniko. Isikose kile ilichokizoea. Mti utaota, Fundi, nimeuona, majani yake mapana kama sahani, na matunda yake ni chupa. Zimeshafungwa. Ndani zimeshatiwa chumvi. Upepo ukija zinagongana kidogo, ting, ting, na jua likipita katikati yake mtaa mzima unakuwa mwekundu, kuta nyekundu, shuka kwenye kamba nyekundu, watu nyuso nyekundu, na hakuna anayemwuliza mwenzake kulikoni. Mke wako anatoka mlangoni na kikapu. Anachuma moja, anaiweka sikioni. Anacheka.

Hata Mama Birika, ambaye haamini kitu asichoweza kukisugua kwa jivu, alitazama juu ya paa kama anayetafuta rangi. Mvuke ulikuwa bado unatembea. Fundi, ndani ya lenzi zile nene, aliuona mti wenyewe kabisa, unayumba mahali ambapo huwa pana nguzo ya umeme.

— Akishacheka, alisema Breki, mimi naomba chupa tano.

— Mkeo anarudi saa ngapi? aliuliza Mama Birika.

Mti ukawa nguzo tena.

— Alasiri.

— Basi acheni kulima ndotoni. Atafika na mkoba begani, na kabla hajaingia ndani ataenda kuiangalia. Ndivyo alivyo. Utamwambia nini?

— Kunguru, alisema Breki.

— Kunguru gani anang'oa shina na mizizi yake, halafu anafagia?

— Mwizi, basi.

— Mwizi apite chupa ishirini na sita zilizofungwa, achukue nyanya moja iliyo shambani?

— Nunua moja sokoni, alisema Njozi. Iliyo kubwa. Ifunge kitambaa.

— Niifunge kwenye nini? Mashina nimeyachoma.

— Ifunge hewani. Mwambie imejitegemea.

Fundi alivua miwani ya mteja, akaikunja. Dunia ilirudi na kingo zake zote, na zilikuwa kali. Akawageukia mmoja mmoja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayegonga mlango ambao anajua wenyeji wake wamo.

— Mwaka jana mke wangu aliwapa miche. Kila mmoja mitatu. Nilibeba mimi mwenyewe, kwenye makopo. Hamna hata mmoja mwenye mbegu zake?

Breki aliangalia kikombe. Njozi alifumbua macho, jambo ambalo si la kawaida.

— Breki?

— Mimi nilikuwa nasubiri mvua zikolee.

— Zilikolea. Mtaro ulifurika.

— Nikaona zimekolea mno, nikasubiri zipungue. Haraka haraka haina baraka, Fundi. Miche ilikaukia koponi. Kopo lipo, ukilitaka.

— Njozi?

— Yangu niliipanda getini pale ghalani. Ilikuwa mizuri, mdogo wangu, mizuri sana. Nikasinzia kidogo tu. Mbuzi hawa wa siku hizi hawabishi hodi.

Zamu ilibaki ya Mama Birika, na yeye alikuwa anafuta birika ambalo halikuwa na doa.

— Yangu ilizaa, alisema mwishoni. Sitadanganya. Ilizaa vizuri, na watoto wangu walizila za kijani kwa chumvi kabla sijaiona hata moja imeiva. Nilimwambia mkeo zilipatwa na ukungu. Ukimwambia la kwako, usimwambie na la kwangu.

— Mvumilivu hula mbivu, alisema Breki, kwa kuliwaza.

— Na wewe nyamaza, alisema Mama Birika.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja aliyehamia juzijuzi kwenye chumba cha uani nyuma ya duka la mkaa, kazi yake kupigia watu pasi. Kiganja chake kimoja kilikuwa na kovu la chuma, na kingine kilishika miwani iliyovunjika mkono. Alikuwa amesimama pale muda, kwa adabu, akingoja wakubwa wamalize. Wakubwa wa benchi hilo huwa hawamalizi, kwa hiyo aliiweka aibu kando, akawakatiza.

— Shikamoo kaka, shikamoo dada. Samahani, nimesikia sikutaka. Hiyo nyanya yenyewe, ladha yake ikoje?

— Ipi? alisema Fundi.

— Hiyo bora. Ya mbegu.

— Ya mbegu hailiwi.

— Nimeelewa. Miaka yote hiyo hailiwi. Nauliza tu, nzuri hiyo ni nzuri vipi?

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa na hakika jibu lipo, kama mtu anayenyoosha mkono gizani akijua kiberiti kilipo, na mkono ukarudi mtupu. Miaka thelathini na minne ameila ya pili yake, na ya tatu, na zile za kupasuka. Alimwangalia Breki, na Breki, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, hakuwa na methali. Njozi alifumba macho akaenda kuitafuta kule kwake, akarudi, akatikisa kichwa. Mama Birika aliinamisha birika kwenye kikombe cha mgeni, likatoa tone moja, kisha pumzi.

— Imekwisha, alisema.

Fundi alipokea miwani ya yule mwanamke, akaiweka mezani, akamwambia aje kesho. Akaenda nyumbani.

Mke wake alikuwa amewahi. Alikuwa nyuma ya jiko, mkoba begani, viatu vya safari miguuni, mbele ya matuta manne yaliyofagiliwa.

— Niliing'oa mimi, alisema Fundi. Sikuwa na miwani. Imo kwenye chupa, sijui ipi.

Mkewe hakugeuka mara moja.

— Mwakani tutapanda nini?

— Sijui.

— Tutanunua za dukani, alisema mkewe. Za pakiti. Kama watu ambao hawana mama.

Fundi alilibeba neno hilo, maana kubeba ndiyo nafasi yake. Akasimama nalo mpaka likampa nafasi ya kusema lingine.

— Mama mkwe alikuwa anasema ladha yake ikoje?

— Alikuwa anasema hakuna tamu kama ile.

— Aliionja lini?

Mkewe alimtazama. Akatazama tuta. Alitua mkoba chini, akaingia ndani kwenye rafu ambako chupa ishirini na sita zilikuwa zimepangwa, jua la dirishani likizipitia zote mpaka ukutani. Akachukua ya kwanza, akashindwa kuifungua, akampa mumewe bila kumtazama. Kijana wao alikuwa ameikaza kweli kweli. Kifuniko kilipolia, alichota kijiko kimoja, akala amesimama, polepole, kama anayesikiliza mtu aliye chumba cha pili.

— Siyo hii, alisema.

— Umejuaje?

— Ningejua.

Alikirudisha kifuniko, akaifuta chupa mdomo, akaiweka kando kwa chakula cha jioni.

— Moja kila wiki mpaka tuipate, alisema. Na hutaila peke yako.