Mchele wa Mazoezi

Ndani ya basi, fundi saa alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio kayatega kiti cha mbele. Hapo muuguzi alikuwa amepakata mkoba wenye kilo kumi za mchele. "Naubeba kwa mazoezi, mzee wangu. Mwezi ujao napanda mlima, ili watu wachangie vitanda vya wodi ya watoto."

"Si uwaombe tu, binti yangu?" akauliza seremala aliyekaa naye.

"Nikiwaomba wananipa pole. Nikipanda mlima wanatoa."

"Na mazoezi yenyewe unafanyia ndani ya basi?"

Swali zuri hilo, fundi saa akawaza.

Basi likazimika chini ya kilima. Kondakta akaomba wote washuke, wapande kwa miguu. Muuguzi akawa wa kwanza mlangoni, meno yote nje. Seremala akamtundikia begani mfuko wake wa misumari. "Basi pokea mchango wangu."